Mamlaka Kamili ya Kusikitika

Jumatatu, 4 Julai 2005

Baridi kali. Wakati wa chai Mzee Aniceti ametutangazia kwamba magoti yamemshinda. Jumatatu ijayo atamkabidhi mtu funguo za karakana, yeye arudi Mbulu akaangalie shamba lake. Ametaja majina mawili: langu na la Teodori.

Teodori! Fundi mzuri, sikatai. Lakini kwa siku anatoa maneno kumi, na manne kati ya hayo ni salamu. Mimi ni msimamizi hapa mwaka wa tatu sasa. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, kila mwezi inafunguliwa ofisi na kila ofisi inataka meza. Karakana itakua. Itahitaji kiongozi, si bubu.

Mzee amesema atampa yule ambaye watu watamfuata. Nimeona afadhali nijifunze kufuatwa. Jioni nikapita stendi nikanunua kitabu cha uongozi, sura kumi na mbili, kimeandikwa na Daktari Severine. Si daktari wa sindano, ni daktari wa uongozi. Picha yake iko upande wa ndani wa jalada la nyuma: suti, tai, mikono kaikunja kifuani. Mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Ndivyo ninavyotaka kuonekana.

Romana, mke wangu, ameuliza kama kuna sura inayohusu mlango wetu wa choo. Hakuna.

Jumanne, 5 Julai

Sura ya nne: kiongozi husikiliza. Weka sanduku la maoni. Nimemwagiza Teodori alitengeneze, naye akalimaliza kabla ya chai, la mninga, na kufuli. Nikalitundika mlangoni na kuwahutubia wenzangu dakika ishirini juu ya umuhimu wa kusema.

Saa kumi na moja nimelifungua. Karatasi mbili. Moja inaomba sukari iongezwe kwenye chai. Ya pili inasema sanduku limetoka vizuri sana, hongera Teodori.

Nimezichana zote mbili. Baadaye nikaona aibu, maana sukari kweli ni kidogo.

Jumatano, 6 Julai

Sura ya sita: msifu mfanyakazi hadharani. Nimemchagua Salum wa mashine ya randa kuwa Mfanyakazi Bora wa Wiki. Nimechukua picha yake ya paspoti, nikaitia kwenye fremu nyeusi iliyokuwa imebaki na kuitundika ukutani mbele, ukitoka barabarani unaiona. Fremu ilionekana kavu, nikaongeza maua ya plastiki.

Kufikia saa nne wateja watatu walikuwa wameshatupa pole. Mama mmoja kutoka Mutuka, anayemfahamu Salum tangu utotoni, alikaa kwenye benchi akalia. Salum akatoka nyuma na unga wa mbao kichwani kumuuliza kulikoni. Yule mama ilibidi apewe maji.

Salum ameniomba kwa adabu niishushe. Benadetha, binti wa kupaka vanishi, alicheka mpaka akaketi chini. Nilikasirika. 

Alhamisi, 7 Julai. Saba Saba

Sikukuu. Mchana imekuja habari kwamba mama yake Benadetha amefariki nyumbani kwao Nakwa. Aliugua siku nyingi. Jana tu nilimkasirikia Benadetha kwa kucheka, na sasa najutia. Mazishi Jumamosi. Mzee Aniceti amepitisha neno nyumba hadi nyumba: karakana itafungwa, tutakwenda wote.

Ijumaa, 8 Julai

Nimewaza sana. Jumatatu asubuhi ofisi moja ya mkoa inakuja kuchukua meza kubwa ya mkutano, na bado haijapakwa vanishi ya mwisho. Wote wakienda Nakwa, nani atalinda lengo? Nimefungua sura ya saba: kazi anayoweza kuifanya mtu mwingine, kiongozi asiifanye, aikasimu. Nikajiuliza, kuketi msibani mtu mwingine anaweza? Anaweza. Hata Salum anaweza.

Basi nimekwenda steshenari nikachapisha barua. Nainakili hapa kwa kumbukumbu, maana nimeridhika nayo:

"YAH: KIFO CHA MAMA YAKO MZAZI. Husika na somo tajwa hapo juu. Uongozi umekipokea kifo hicho kwa masikitiko na unakifanyia kazi. Kwa kuwa msimamizi amebanwa na majukumu ya kimkakati, atawakilishwa na Ndugu Salum, ambaye amepewa mamlaka kamili ya kusikitika kwa niaba yake. Unatarajiwa kuripoti kazini Jumatatu saa moja na nusu asubuhi bila kukosa. Nakutakia utekelezaji mwema. Valence, Msimamizi. Nakala: Jalada."

Salum aliisoma mara mbili. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia kiongozi daima ana uhakika, sura ya kwanza.

Romana amesema Baba Hope, usithubutu. Lakini Romana hajakisoma kitabu.

Jumamosi, 9 Julai

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye meza.

Asubuhi mtaa wetu wa Bagara ulikuwa kimya, maduka nusu yamefungwa, watu wote Nakwa. Nikaingia karakana peke yangu. Mimi si fundi wa vanishi, lakini nimemwona Benadetha akipaka mara mia. Nikapaka. Haikuwa mbaya! Kisha nikatafuta sura ya nane, nikasoma kidogo, nikakiweka kitabu chini nikanyooshe mgongo.

Nilikiweka juu ya meza.

Nilipokivuta kilikuja chote isipokuwa jalada la nyuma. Daktari Severine alibaki katikati ya meza ya mkoa, suti na tai, ananitazama. Nilitumia saa nzima kumkwangua kwa kucha, kisha kwa kisu. Tai ilitoka kidogo. Uso ulikataa.

Nikaona nikiendelea kukaa pale nitachanganyikiwa. Tena, niseme ukweli kwa kuwa hapa ninajiandikia mwenyewe, nilitaka kuona barua yangu imepokewaje. Nikavaa koti, nikachukua kitabu, nikapanda baiskeli mpaka Nakwa.

Nilifika maziko yameisha, watu wako chini ya turubai, msemaji wa familia anasoma salamu za rambirambi kwenye kipaza sauti. Nikasimama nyuma. Akasoma ya jumuiya. Akasoma ya kwaya. Halafu akafungua ya kwangu, na sauti yake ikaanza kupungua mwendo kama mtu anayepita penye utelezi. Alisoma yote. Alipofika kwenye mamlaka kamili ya kusikitika, watu waligeuka kumtazama Salum, na Salum, maskini, akainamisha kichwa kama aliyeagizwa. Alipofika "bila kukosa," wamama waliacha kugawa sahani. Akamalizia na "Nakala: Jalada," kwa sababu ni mtu mwaminifu na lilikuwa limeandikwa.

Kisha akauliza kama Ndugu Valence yupo. Watu walinifungulia njia ili nionekane vizuri.

Mzee Aniceti alikuwa mbele kwenye kigoda. Hakunitazama, alitazama fimbo yake. Teodori alikuwa na udongo mpaka magotini. Alichimba kaburi tangu alfajiri, nimeambiwa, na hakutaka mtu ampokee jembe. Romana alikuwa jikoni kwenye masufuria na wenzake. Alijifunika uso kwa khanga. Nimeishi miaka arobaini na moja na sijawahi kutamani kuwa mtu mwingine kama nilivyotamani pale.

Benadetha akainuka, akaja, akanipa mkono. Akasema asante kwa barua. Akasema Jumatatu atakuwepo, kama ilivyoandikwa. Hakuwa ananikejeli. Afadhali angenikejeli.

Halafu ukaanza utaratibu wa kunawa mikono. Aliyekuwa akipita na birika na beseni ni mwanamume wa makamo, mikono ya shati imekunjwa, udongo kwenye viatu. Alipofika kwangu nikanyoosha mikono, nikainua macho. Ule uso! Ule uso nilioukwangua asubuhi. Ni mdogo wake marehemu. Ni mjomba wake Benadetha.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku ananimiminia maji, akakiona kitabu kwapani, akaniuliza ni sura ipi iliyonituma. Nikasema ya saba. Akamimina mpaka maji yakaisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba aliiandika jioni moja hotelini Arusha akiwa na haraka, na kwamba alikuwa anafikiria mambo ya kudurufu karatasi. Akaniambia nikifunge kitabu, kuna kuni za kupasua nyuma ya nyumba.

Nilikwenda nikapasua. Pigo la tatu nikavunja mpini wa shoka. Lilikuwa shoka la jirani.

Jumapili, 10 Julai

Misa ya kwanza. Nimeketi nyuma. Wakati wa kupeana amani, mzee wa mbele yangu alinishika mkono akanitakia utekelezaji mwema. Vijana wanaokaa nje ya geti wameniita Jalada. Mambo vipi, Jalada. Mwanangu Hope amerudi kutoka kucheza na kuniuliza jalada ni nini.

Romana hajanisemesha tangu jana, isipokuwa kusema kwamba uji uko mezani. Aibu inanifuata mpaka chooni, na mlango haufungi.

Jumatatu, 11 Julai

Saa moja na nusu kamili Benadetha aliingia, khanga nyeusi kichwani, macho yamevimba. Kila mtu alinyanyuka isipokuwa mimi, niliyetamani kuingia chini ya meza. Mzee Aniceti akamwambia arudi nyumbani mara moja, akae mpaka matanga yaishe na zaidi. Akasema sawa. Lakini akaiona meza ya mkoa.

Alisimama pale muda mrefu, anamtazama mjomba wake. Kisha akavua khanga, akaomba msasa. Nilimsihi aache. Alimsugua mjomba taratibu, kuanzia kwenye tai, mpaka mbao ikatoka safi, akapaka vanishi tabaka moja, akaenda zake. Hakuuliza kulikuwa na nini. Teodori alimsindikiza hadi barabarani.

Wakati wa chai funguo amepewa Teodori. Wote walipiga makofi, na mimi nilipiga. Ametoa hotuba ya maneno manne: tufanye kazi pamoja, jamani. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Baadaye Mzee Aniceti aliniita pembeni. Amesema nitabaki msimamizi, chini ya Teodori, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Amesema watu hawasahau nani alikuja na nani hakuja, hilo tu. Machozi yalinilenga. Nikamwambia Mzee, nimekuelewa kabisa.

Jumatano, 13 Julai

Nimemwelewa kabisa. Siku mbili sijalala vizuri kwa kufikiri, na sasa naona mwanga. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la kitabu: hakina sura ya misiba. Kiongozi wa kweli huwa wa kwanza kufika, na udongo mpaka magotini. Teodori alinishinda kwa maandalizi tu.

Leo nimenunua jembe na chepe, nikaandika jina langu kwenye mipini yote miwili, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mbali. Kisha nikapita kwa mafundi mmoja mmoja kuwaulizia hali za wazazi wao, nikiandika. Wengi wazima, bahati mbaya. Lakini baba yake Salum, kule Mutuka, anakohoa tangu Juni. Nimemuulizia asubuhi, nikamuulizia tena mchana. Jioni Salum ameondoka kwa mlango wa nyuma.

Barua ya pole nimeshaiandika, safari hii kwa mkono na bila nakala kwa jalada. Ni barua ya upole, hata Romana angelia. Tarehe tu ndiyo nimeiacha wazi.