Nyumba ya Aiuba Yaenda Ukweni

Wanaume wengine huenda ukweni na ahadi. Aiuba wa Namoto alisema yeye ataenda na nyumba!

Usicheke kwanza. Mzee Shaweji wa Quitunda, baba wa mchumba wake Sumaia, alimuuliza swali moja tu: "Mwanangu utamlaza wapi?"

Aiuba akatoa kifua mbele. "Baba, Ijumaa ya ndoa nyumba nitakuja nayo. Utaigusa kwa mkono wako."

"Vyema. Nisipoigusa kabla ya sala, hakuna ndoa. Binti yangu halali juu ya maneno."

Nyumba yenyewe, wapenzi wangu, ilikuwa ruloti: kile kijumba cheupe cha magurudumu mawili ambacho wageni hukifunga nyuma ya gari wakaenda kulala ufukweni. Mgeni mmoja aliyekuwa akivua samaki kisiwani Vamizi alimwachia alipoondoka. Ndani kitanda, jiko, kidirisha na pazia lake. Ikulu!

Tatizo gari. Kigari cha Aiuba kilikuwa na sauti kubwa kuliko nguvu.

"Kitaweza?" akauliza rafiki yake Khamis, mvushaji wa vitenge mpakani.

"Wewe! Kimeandikwa kinavuta kilo mia nne. Ruloti ina mia tatu na hamsini. Chenji inabaki!"

"Hizo mia nne ni pamoja na vitakavyokuwa ndani, bwana."

"Khamis, elimu hiyo umeiokota wapi? Gari linavuta nyumba. Nyumba ndiyo inabeba vya ndani. Kila mtu na kazi yake!"

Khamis akaenda kujaza matairi upepo. Kuna hoja ambazo ukizijibu unaugua.

Ijumaa asubuhi bwana harusi alikuwa tayari, kanzu imepigwa pasi hadi inakata. Mara mlangoni pa ruloti: "Hodi!"

Ni Bi Saquina, shangazi yake, mama mwenye mwili na heshima, na vyote alijaliwa kwa wingi. Sasa Aiuba maisha yake yote kalala kwa mama yake. Hajawahi kupigiwa hodi! Moyo ukayeyuka kama samli.

"Karibu! Karibu ndani, shangazi!"

Shangazi akaingia na kinu chake. "Nyumba haiendi ukweni tupu, baba."

"Hodi!" Gunia la mchele. "Hodi!" Masufuria ya pilau na wapishi wake. "Hodi!" Nazi, mikeka, mbuzi mmoja aliyeamka vibaya. Na kila hodi, karibu! Angefanyaje? Mwenye nyumba afukuze wageni siku ya kwanza?

Tena wote wakajazana mbele, penye kidirisha, wapate upepo. Ruloti ikainama, ikakikalia kigari mgongoni. Magurudumu ya mbele yakawa yanaigusa ardhi kwa adabu tu. Ukikata kushoto, gari linafikiria kwanza.

"Khamis," akasema Aiuba akiwa kwenye usukani, "mbona naona mawingu matupu?"

"Unaoa leo. Labda ndiyo pepo."

Penye mteremko nyumba ikaanza kumwendesha mwenyewe! Aiuba akakanyaga breki. Breki zikaitika "labeka", lakini hazikuja. Nyuma vigelegele: akina mama walidhani ni mbwembwe za bwana harusi.

"Ongeza, mwanangu!"

Kisha mchanga. Kigari kikaguna, klachi ikanuka kama wali uliosahauliwa jikoni, moshi ukapanda. Kimya. Mabati ya Quitunda yanaonekana pale mbele, na jua halimngoji mtu.

Aiuba akaenda mlangoni, kanzu imelowa chepechepe. Lakini mwenye nyumba atawaambiaje wageni wake "shukeni"?

"Shangazi... mnaonaje mkipunga upepo huku nje kidogo?"

"Tumestarehe, baba. Nyumba nzuri! Tumeshabandika chai."

"Shangazi, sala inakaribia! Mke wangu anaondoka!"

"Si ungesema! Kumbe tunakuchelewesha?"

Wakashuka, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Ruloti ikainuka, ikapumua. Bi Saquina akakifungua kigari kutoka kwenye ruloti, akashika kile chuma cha mbele cha ruloti, akavuta kujaribu. Ikaja!

"Jamani, mbona inakuja? Shikeni!"

"Na gari langu?" akalia Aiuba.

"Tutalifunga nyuma kwa kamba. Wewe ingia, shika usukani, usichafue kanzu."

Basi ndivyo Quitunda walivyouona msafara. Mbele wanawake na nyimbo zao. Nyuma yao nyumba. Nyuma ya nyumba, kigari kwenye kamba, na ndani yake bwana harusi anazungusha usukani kwa bidii, kama mtu mwenye kazi.

Mzee Shaweji akatoka, adhana bado. Akaizunguka ruloti. Akaigusa kwa mkono wake. Akafungua mlango, akakibonyeza kitanda, akaridhika.

"Nyumba nimeiona. Ndoa ipo." Kisha akanyoosha bakora nyuma. "Lakini hiki inachokiburuta ni nini?"

Aiuba akafungua mdomo. Bi Saquina akamtangulia.

"Banda la kuku, kaka. Tumepewa bure."