Ukurasa Wangu Katika Kitabu cha Dada

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Dada yangu anaandikiwa kitabu. Miaka yote yeye ndiye anayeandika, tamthilia juu ya tamthilia, watu wanalipa kiingilio kwenda kulia kwenye viti vya kukunja. Sasa yeye ndiye anayeandikwa. Mwandishi wa maisha ya watu, mwanamama mwenye sauti ya upole, amenipigia simu asubuhi. Sura ya kwanza ni ya utoto na familia. Anatafuta mtu mmoja wa nyumbani aliyechangia zaidi kumfanya dada awe alivyo. Mmoja tu! Atampa ukurasa mzima, na picha. Anakuja Alhamisi.

Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Baba, fundi cherehani, ametangulia mbele ya haki. Mama kamfuata. Mimi ndiye kaka mkubwa, na ndiye niliyebaki kwenye chumba cha kazi cha baba, natengeneza zipu na miavuli. Ushonaji wenyewe ulinikataa. Mishono yangu ilikwenda kama njia ya konokono.

Kikwazo: binamu yangu Kinyozi, mtoto wa shangazi. Naye kapigiwa simu! Kaja mchana na kitana sikioni kunitangazia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimchekesha dada utotoni, na mtu asiyechekeshwa utotoni hawezi kuandika. Nikamjibu kwamba dada alikuwa akicheka masikio yake. Kaondoka bila kuaga. Vita vimeanza.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mpango. Mimi ndiye niliyemfundisha dada kusoma na kuandika! Ukweli ni kwamba alijua kusoma kabla yangu, nami nimemzidi miaka mitatu. Lakini nani anakumbuka?

Ushahidi unahitajika. Nimekwenda kwa seremala wa jirani nikaagiza dawati dogo la mtoto, lakini liwe limechoka. Kauliza kwa nini nataka kitu kipya kizeeke, maana wateja wake wote huomba kinyume. Nikamwambia ni mambo ya fasihi. Kavua kofia kwa heshima, kanitolea jipya alilokuwa nalo tayari. Nimelibeba mwenyewe hadi nyumbani, nimelipaka majani ya chai, masizi ya sufuria na rangi kidogo ya viatu. Limezeeka uzuri. Nami nimezeeka nalo, mgongo unauma.

Nilipokuwa nasugua, chumba kilinirudia kama kilivyokuwa. Baba na pini zake midomoni, hata wateja wakadhani ni mtu wa maneno machache. Chaki ya bluu kila mahali, hadi kwenye mkate. Meza ya kupigia pasi ilitandikwa blanketi lililofika sakafuni, na ndani yake, chini, ndiko alikokaa dada kutwa nzima, kama panya mwenye cheo. Wateja aliwajua kwa viatu na sauti tu, sura hakuziona. Mama ndiye aliyepeleka nguo zilizokamilika majumbani, na jioni akirudi alituigizia kila mmoja: anayeshukuru kwa pua, anayeapa kwamba amekonda huku vifungo vinamwomba msamaha. Dada alicheka hadi chai ikampalia.

Mimi nilikuwa na kazi yangu nyingine pale. Haina haja ya kuandikwa, hata humu.

Jumatano, 5 Juni

Leo ni zamu ya kumwandaa shangazi. Ndiye pekee aliyebaki kati ya waliofanya kazi chumba kile, alikuwa akimsaidia baba mapindo na vifungo. Macho yamepungua, mdomo haujapungua hata kidogo.

Nimemfundisha sentensi tatu. Kwanza, kwamba nilimfundisha dada kusoma. Pili, kwamba dada hakuandika neno bila kuniuliza. Tatu, kwamba binamu alikuwa mtoto mzito wa kuelewa. Ya tatu kaikataa, kasema yule kamzaa yeye. Nikaiondoa. Kisha kauliza, na yale ya kusimama juu ya kigoda je? Nikamwambia shangazi, ya kigoda hakuna atakayeuliza. Kanitazama juu ya miwani, kasema, haya, mwanangu. Siipendi ile "haya" ya shangazi.

Binamu kabandika tangazo kwenye duka lake la kunyolea: HAPA NDIPO ZILIPOANGUKA NYWELE ZA KWANZA ZA MWANDISHI MASHUHURI. Uongo mtupu! Alifungua duka lile dada akiwa na miaka ishirini na tano. Watu wengine hawana aibu.

Alhamisi, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mwandishi kafika, kinasa sauti mkononi, sketi ya rangi ya maziwa. Nikamkaribisha akae palepale alipokaa dada. Kakaa kwenye dawati. Nikaanza. Nikaeleza nilivyomshika dada mkono herufi kwa herufi. Kauliza nilimfundishia kitabu gani. Nikajibu, vingi. Kauliza kimoja. Nikamimina chai. Binamu akapita dirishani, akarudi, akapita tena, kila mara anakohoa kama mtu aliyeombwa ushahidi.

Mwandishi aliposimama kuchukua kikombe, shangazi akapiga kelele. Nyuma ya ile sketi kulikuwa na ramani nzima! Chai, masizi, rangi ya viatu. Dawati langu lilikuwa halijakauka.

Dakika hiyohiyo shangazi kamvua mgeni nyuma ya pazia, kamfunga shuka. Kasugua kwa sabuni, doa halitoki. Akatangaza kwamba kipande cha nyuma kitakatwa, sketi itapunguzwa, pindo litapandishwa upya. Mgeni akajitolea kuivaa ili apimwe. Shangazi akashtuka kama ameambiwa tusi. Kwenye nyumba hii mteja hachomwi pini! Ndiyo sheria ya marehemu kaka yake. Mteja anakaa, anakunywa chai, anasema yake. Pini ni za watu wa nyumbani. Kisha akanigeukia. Wewe, panda kigoda. Kama zamani.

Nikasema nina mwavuli wa mtu. Akasema mwavuli utasubiri, mvua haipo.

Nikapanda. Na sketi nikavaa, juu ya suruali. Hapo ndipo mwili uliponisaliti: mikono ikapanda yenyewe, ikanyooka pande mbili, kidevu juu, kimya. Miaka arobaini na zaidi! Mwandishi akaweka kikombe chini, akauliza nimejifunzia wapi kusimama hivyo.

Shangazi akamwaga yote, pini midomoni. Kwamba tangu nikiwa na miaka sita mimi ndiye niliyekuwa mwili wa wateja. Sare za shule za wasichana, magauni ya kanisani, koti la mjane. Gauni la harusi la mke wa mwenye bucha nililivaa na mito miwili ndani. Ilikuwa marufuku kucheka, ukicheka unachomwa. Na dada, kule chini ya blanketi, alianza kusema kwa sauti ya mwenye gauni. Alilalamika, akasifu, akaomba punguzo. Nami ilibidi mikono ifuate maneno, la sivyo kicheko kingenitoka. Baba alitema pini zote apate kucheka. Watu waliacha kupita njia, wakasimama mlangoni. Siku moja aliyesimama pale alikuwa mke wa mwenye bucha mwenyewe, anajisikiliza. Tukafa ganzi. Yule mama akavuta kiti, akasema aanze tena, mwanzo hakuusikia.

Mwandishi hakulitazama tena dawati. Binamu hakuona haja tena ya dirisha, kaingia mlangoni anafuta machozi, kasema kweli, nilikuwa mke mzuri sana wa mwenye bucha.

Nikaomba kinasa sauti kizimwe. Kikazimwa, kwa adabu. Akauliza kwa nini haya sikuyasema kwanza. Nikamwambia mwanamume ana heshima yake. Nimelisema hilo nikiwa ndani ya sketi.

Jumamosi, 8 Juni

Dada kapiga simu. Ameambiwa kila kitu.

Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake, kwa sauti ileile ya mke wa mwenye bucha, akauliza kama kiuno hakiwezi kuongezwa kidogo, maana siku ya harusi atakula. Mkono wangu wa kushoto ukainuka wenyewe hapa dukani. Mteja wa zipu kadhani namwita.

Tulicheka hadi hatukusikiana. Kisha akasema kitu ambacho nakiandika kama alivyokisema. Kwamba hadi leo akikaa kuandika, kwanza anamwona mtu amesimama juu ya kigoda, mikono wazi, anangoja maneno. Asipomwona huyo, hawezi kuandika kitu. Kwamba baba alimpa kicheko na mama alimpa sauti za watu, lakini aliyekubali kuvaa ni mmoja.

Nikamwambia zipu za siku hizi ni mbovu sana.

Ukurasa ni wangu, mwandishi keshaamua. Nimeshinda! Picha itapigwa juu ya kigoda. Nimeuliza kama katika kitabu gauni linaweza kuandikwa kuwa koti la jemadari. Dada kasema, kaka, acha. Halafu kanipa jingine: tamthilia yake mpya ina mtu anayesimama kigodani mwanzo hadi mwisho, mikono wazi, hasemi neno lolote, wenzake ndio wanaomzunguka na kusema. Anataka niwe mimi, usiku wa kwanza. Hataki mwigizaji mwingine.

Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumatatu, 17 Juni

Mazoezi ya kwanza. Ukumbi mkubwa, taa zinachoma. Nilisimama saa nzima, mikono haikutetemeka. Vijana wa kundi wamenipigia makofi. Dada alikuwa kiti cha mbele, amevua viatu, anatazama kama mtoto.

Baadaye kanishika bega, kanirudia mara tatu: hakuna kusema, kaka. Hata neno. Uzuri wake wote ni ule ukimya. Nikamwambia nimemwelewa. Na nimemwelewa kabisa.

Ila nimefikiri njiani. Ukumbi umejaa watu mia nane, mtu mmoja yuko juu yao wote na hajafungua mdomo usiku kucha. Lazima watakuwa na hamu ya kumsikia! Kuwanyima si ungwana. Kwa hiyo nimeandaa maneno machache kuhusu jinsi nilivyoanzisha sanaa ya jukwaa katika familia yetu. Nusu saa tu, nisipokatizwa. Nitayasema katikati, pale wote watakaponyamaza. Dada atafurahi sana. Sijamwambia, nataka imshtukize.