Uzinduzi wa Pampu ya Kitanda Namba Nne

Mheshimiwa mimi mwenyewe, mgeni rasmi wa leo, mwenyekiti wa kamati niliyoiteua, waheshimiwa wadau, daktari mkuu, wauguzi, wagonjwa mliokaa na mnaosikiliza mkiwa mmelala, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya watu watatu, wa nne alikuwa anaua mbu.)

Leo, kwa unyenyekevu ambao nimesifiwa nao sana, nazindua Mradi Jumuishi wa Kudhibiti Presha Baada ya Upasuaji wa Moyo, kwa kuwa utafiti wa kina nilioufanya garini nikija umebaini kwamba moyo ukishashonwa, halafu presha ikapanda, nyuzi zinaweza kuachia na damu ikavuja, hivyo dawa sharti ipite mshipani polepole, saa zote, kwa pampu hii mnayoiona mezani imefungwa utepe mwekundu, na nyingine zilizomo kwenye maboksi haya nyuma yangu. (Vigelegele vya kuamriwa. Bibi mmoja anasimama: "Baba, hiyo pampu mmeichomoa kwa mume wangu! Kashonwa moyo jana, na presha imeshafika mia na tisini!")

Mia na tisini! Mmesikia takwimu, ndugu wadau? Asubuhi ilikuwa mia na ishirini tu! Huo ndio ukuaji, na kwa mpango kazi wetu wa miaka mitano tutavuka mia tatu! (Daktari mkuu anajishika kichwa. Bibi: "We mtoto, una wazimu? Muuguzi anamsukumia dawa kwa sindano mpaka mkono wake mwenyewe umekufa ganzi. Lete hapa!")

Bibi yangu, subira, utaratibu ni utaratibu, utepe haukatwi kabla ya ukurasa wa kumi na moja wa hotuba hii, na mkasi wenyewe bado uko kwenye mchakato wa... (Bibi anapanda jukwaani, anakata utepe kwa meno, anamkabidhi muuguzi pampu. Vigelegele vya kweli.)

Naam! Utekelezaji umeanza, tena kwa kasi! (Kurasa nane baadaye, muuguzi anachungulia mlangoni: "Bibi, imeshuka! Mia na thelathini!" Bibi anakaa chini, anajifuta macho kwa khanga.) Mmeona matokeo? Presha chini! Mradi juu! Nyuzi zishike!

Namalizia kwa kumshukuru mzee wa kitanda namba nne kwa kutuazima pampu yake, na ninyi nyote kwa kutofungua haya maboksi nyuma yangu, maana ni matupu. Mradi wote uliobaki ni huu utepe, na bibi ameshautafuna.