Habari za Jicho Moja na Macho ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi watu wa mtaa na ninyi wapita njia. Tueni mizigo yenu, zimeni redio zenu, mpate kusikia habari za siku ile kuu ambayo Jicho Moja, mpiga picha, bingwa wa studio ya pazia la buluu, alimkabili mama mkwe wake katika vita vya macho. Nami nitavisimulia vita hivyo kama vilivyokuwa, bila kuongeza chumvi kupita ile inayotosha kuhifadhi nyama.

Kitinda mimba wa mama huyo, aliyeolewa nchi ya mbali, alikuwa amejifungua. Dada yake, ambaye ni mke wa Jicho Moja, alikwisha kutangulia kumuuguza. Ikabaki bibi naye aende. Sanduku limefungwa, nauli imelipwa. Kilichopungua ni picha ndogo ya pasipoti, macho wazi, kabla dirisha la ofisi halijafungwa alasiri ile. Likifungwa, bibi angemkuta mjukuu anatembea.

Basi shujaa akainua kamera yake kongwe, nzito kama pasi ya makaa. Lakini kabla ya kupiga alisimama akahutubu, kwa maana hakuwahi kuiacha ipite nafasi ya kumsuta mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, aitwaye Betri kwa sababu ya betri za akiba zilizomjaa mifukoni.

"Mama, nisikilize. Betri akichungulia kamera yake haoni mtu. Anaona runinga ndogo, uongo wa umeme! Bali kijidirisha cha kamera yangu ni kioo kitupu. Nuru inatoka usoni pako, inagonga kioo, inaingia jichoni mwangu. Ninakuona wewe mwenyewe, mama, kana kwamba tumekaa goti kwa goti!"

Mama mkwe akafumba macho.

Kamera ikalia kwaa! Macho yamefumbwa. Ikalia tena; yamefumbwa kama milango ya mji uliozingirwa.

"Mama, fumbua kidogo."

"Nimefumbua."

"Naona kope tu, mama."

"Piga picha, baba, usipige soga."

Bingwa akabadili mbinu: akaielekeza kamera kwa mama, yeye akatazama ukuta, akafyatua. Akapata sikio la kushoto na pazia tele. Hapo nguvu zikamwishia, akaishusha silaha yake.

"Mama, nimekukosea nini? Ofisi itafungwa!"

Ndipo mama mkwe, mnara wa adabu, akanena angali amefumba: "Baba, tangu umwoe binti yangu tumeheshimiana. Tukikutana mlangoni, wewe hutazama miguu yako, mimi hutazama paa. Leo unanitangazia kwamba jicho lako linaniingia usoni, hata pazia hakuna! Nami nikukodolee? Sikulelewa hivyo."

"Basi twende Betri akupige picha."

"Mkwe wangu ana studio, mimi nikapigwe picha kwa jirani? Watu watasema umenifukuza."

Lo! Ulimi ulikuwa umekiponza kichwa. Jicho Moja akajifunga mkanda, akavuka barabara kama jeshi livukalo mto wenye mamba, na huku lori la maji likimpigia honi. Betri alikuwa mlangoni pake, akichokonoa meno.

"Karibu, mfalme wa kioo! Umepotea njia?"

"Niazime kamera yako."

"Ipi? Hii runinga?"

"Hiyo hiyo."

"Sema kwa sauti, bwana. Fundi viatu pale hajasikia."

Bingwa akameza kiburi chake kikiwa na miiba yote, akapaza sauti: "Niazime kamera yenye runinga! Uongo wake leo una faida kuliko ukweli wangu!"

Fundi viatu akadondosha nyundo. Betri akaitoa kamera kwa mikono miwili, kama atoaye funguo za mji. "Ila wahi. Chaji iko ukingoni, na leo betri zote za akiba nimemwazima shemeji."

Shujaa akarudi mbio.

"Mama, katika tundu hili wewe mwenyewe hupo. Mna picha yako tu."

"Kama ile ya arusi iliyo ukutani kwako?"

"Kama ile ile."

"Ile huitazama?"

"Kila siku, mama."

"Nami sijawahi kukukasirikia." Akavuta pumzi, akafumbua macho.

Alama nyekundu ya chaji ikametameta kijidirishani. Bingwa alitaka kufyatua, kidole kikamgoma. Kwa maana yale macho aliyajua! Yalikuwa ya mkewe, yale yale anapomkuta na viatu vya tope sebuleni. Mwishowe akafyatua. Kamera haikutoa hata sauti, ila picha ikatokea kijidirishani.

"Umeshapiga?"

"Tayari, mama."

"Basi tazama ukuta."

Akautazama, na runinga ikazimika.

Picha ikachapwa haraka, wakafika ofisini karani akiwa amekwisha kushika komeo la dirisha. Akaipokea picha, akaitazama, akamtazama mama, akarudi kwenye picha. Hakukunja uso, hakuuliza, hakurudisha kitu. Alichovya brashi katika gundi, akaibandika. Fahamuni, enyi vizazi vijavyo, kwamba karani wa ofisi anyamazapo, kunyamaza kwake kunapita mizinga yote iliyopata kupigiwa wafalme. Na Jicho Moja, akiwa hatua tatu nyuma ya mama mkwe wake, uso ameuelekeza sakafuni kwa heshima zote, aliisikia mizinga hiyo mpaka ya mwisho.