Mashine Isiyo na Hasara

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimenunua mashine ya kupukuchua mahindi. Ya mkono wa pili, kutoka kwa jamaa wa mji wa Turbo, elfu mia moja arobaini na tano. Jirani yangu Nabwire amenunua mpya, laki tatu na elfu kumi. Toa hapo. Nina faida ya elfu mia moja sitini na tano na bado sijawasha! Mtu aliyeanza maisha na toroli ya maji hafundishwi hesabu.

Kazi nishapata. Mzee Kigen wa Chepsaita, magunia mia sita, shilingi sitini kila gunia. Nimeahidi kumaliza Jumamosi, kabla ya mvua.

Eddah mke wangu ameuliza ikiharibika, pesa ya kuitengeneza itatoka wapi. Nikamwambia chuma hakiugui. Akasema basi nijue mapema, ng'ombe wake hayumo kwa hiyo biashara. Alimnunua kwa zamu zake za chama cha akiba, na maziwa yake ndiyo karo ya binti yetu Waithira. Nimeapa. Kwa Biblia, maana alikuwa ameishika tayari.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepita mahali Nabwire anafanya kazi. Mashine imezimwa, mama mzima amepiga magoti anaipaka grisi kama mtoto wa kupelekwa kanisani. Saa nzima! Kila asubuhi! Saa moja ni magunia sitini, yaani shilingi elfu tatu mia sita. Msimu wa siku thelathini, laki moja na elfu nane. Anazitupa.

Nilimpigia hiyo hesabu palepale, bure. Akajibu kwamba yeye hulipa kidogo kidogo ili asije akalipa yote siku moja. Maneno ya watu wa mikopo.

Wakoli, mwendeshaji wangu, anasema beringi, ile pete ya chuma inayoshika mhimili, inalia. Nikamwambia hata yeye hulia akiinuka asubuhi na sijawahi kumpaka kitu.

Ijumaa, 8 Novemba

Beringi imekufa. Gunia la mia na themanini. Imeondoka na shafti, mhimili wenyewe. Wakoli amesema kopo la grisi ni mia nne. Sikuwa nimemuuliza.

Fundi Otiende wa mjini anataka elfu kumi na nne na siku nne. Nimeuza tangi la maji.

Sasa, kuiandika wapi? Mashine ndiyo kwanza imeanza kazi, huwezi kuichafulia jina. Pesa ya Otiende nimeiandika "Afya". Lori la kuibeba, "Safari". Mshahara wa Wakoli wa kukaa tu, "Sadaka". Upande wa mashine: faida elfu kumi na mia nane. Mzee Kigen hajalipa, lakini magunia yamepukuchuliwa, hilo hakuna wa kulikana.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua tangu juzi. Mahindi ya Mzee Kigen yako nje, turubai moja. Amenipigia simu. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Aliuliza kama mashine yangu ni ya kupukuchua au ya kuombewa. Nimemwambia kesho kutwa.

Eddah alikuwa anakinga maji ya paa kwa sufuria. Akanigeukia. "Baba Waithira, hiyo mashine inakula wapi? Mbona sioni sahani yake?"

Nikamwonyesha hesabu. Safi kabisa. Akarudi kwa sufuria zake.

Jumatano, 13 Novemba

Imerudi. Magunia arobaini, belti ikakatika.

Mahindi ya chini yameota ukungu. Ukiyashika yana joto kama mgonjwa. Hata kuku huwezi kuwapa. Mzee Kigen akamwita Nabwire. Wakoli akaomba ruhusa aende kusaidia, nikakataa, akaenda. Saa tisa walikuwa wamemaliza na wanakunywa chai.

Jioni Mzee alikuja nyumbani na mzee wa kijiji. Magunia ishirini yameoza. Elfu sitini na nne, kufikia Ijumaa, ama twende kwa chifu. Nikamkumbusha ana deni langu la magunia mia mbili na ishirini. Akasema ameshalitoa, kwani yaliyooza kwa kweli ni ishirini na matano. Nikapiga hesabu kichwani. Yuko sawa, tena amenipunguzia kidogo. Sikumwambia.

Nimeiandika "Mvua".

Ijumaa, 15 Novemba

Benki imekataa. Chama kimekataa. Shemeji yangu Muchiri hakushika simu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Eddah hakuingoja. Alichukua kamba mwenyewe. Ng'ombe akagoma getini, ana mimba ya miezi sita, mzito tayari. Eddah akamwegemeza bega, akamsemesha Kikuyu polepole mpaka akatoka. Mimi nilishika geti.

Elfu themanini na tano. Eddah alinihesabia noti mkononi, moja moja.

"Iandike pale kwa mashine," akasema.

Nimeiandika "Nyumbani". Ng'ombe ni mambo ya nyumbani.

Jumapili, 17 Novemba

Mzee Kigen nimemlipa. Zimebaki elfu ishirini na moja, na usingizi haukuja mpaka nikaelewa kosa lilikuwa wapi. Kosa ni kuwa na mashine moja! Yule jamaa wa Turbo anayo nyingine, pacha wa yangu, imesimama tangu mwaka juzi. Elfu themanini. Nampa ishirini kesho, nyingine baada ya msimu. Hii ikikosa beringi, natoa kwa ile. Ikikosa belti, natoa kwa ile. Gharama ya matengenezo: sufuri. Nabwire atajua hajui.

Eddah hajaniongelesha tangu Ijumaa. Waithira amepiga simu kutoka chuoni kuuliza karo, nikampa mama yake simu. Asubuhi nimewekewa chai ya rangi. Maziwa ya chai ya nyumba hii yalikuwa lita moja kwa siku, shilingi sitini.

Nimeiandika upande wa faida.