Redio Zilizolazwa Msambweni

Mwaka wa pili wa Uhuru, Jumatano moja saa kumi alasiri, fundi Salimu Mbwana alikuwa ameketi mlangoni pa duka lake la kutengeneza redio pale Msambweni, akitafakari namna ya kuwakwepa wateja wake. Walikuwa wanakuja kila siku. Walikuwa wamekwisha kulipa, na mtu aliyekwisha kulipa huwa na sauti.

Ndipo alipowaona watu wakipita kwenda hospitali kuwaona wagonjwa. Walibeba machungwa, mayai ya kuchemsha, uji ndani ya chupa. Baada ya saa moja walirudi na vikapu vitupu, wapole, wakizungumza kwa sauti ya chini. Salimu aliwatazama kwa makini. Baadhi yao ndugu zao walikuwa wamelala mle tangu mfungo. Hata mmoja hakuwa amemshika daktari shati kumuuliza kwa nini mgonjwa wake bado yumo kitandani.

Kesho yake alikwenda kwa Rai, mshona nguo, akashonesha koti jeupe.

Ni haki kusema mapema kwamba Salimu alikuwa fundi hodari. Redio ikiletwa Jumatatu, Jumatano ilikuwa inasema. Shida ilikuwa moja tu: redio iliyopona hurudi kwao, na redio iliyolazwa inaweza kukodishwa. Wenye harusi wa Majoreni, wenye mikahawa wa Ukunda, vijana wa Vanga waliotaka kusikiliza mpira, wote walimlipa kwa siku. Kwa hiyo redio ya mteja ilipona siku ya pili, ikaumwa miezi mitatu.

Mteja akifika, Salimu alivaa koti lake, akatega sikio kifuani pa redio, akaigonga kwa kidole, akaguna. Kisha alimtazama mwenyewe machoni na kusema polepole, "Tumlaze."

Sisi watu wa Msambweni tulikuwa na akili zetu timamu. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kupiga kura. Lakini neno lile lilituweza. Mtu aliyeingia na hasira alitoka na huzuni. Salimu alitangaza saa ya kuona wagonjwa, Jumatano na Jumapili, kumi hadi kumi na moja, nasi tukaenda. Tulisimama mbele ya rafu, mikono nyuma, tukauliza hali. Na kwa kuwa kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, tulibeba machungwa. Chirau, mvuvi wa Munje, mara moja alipeleka kolekole mzima. Redio haili samaki, hilo tulilijua. Tulisema ni wa daktari.

Redio ikiwa imekodishwa siku hiyo, Salimu alionyesha pazia la nyuma na kusema yumo chumba cha ndani, hatakiwi kusumbuliwa. Tulirudi nyumbani kwa kunyata.

Miongoni mwa waliolaza redio alikuwamo Bi Mwanapili, mjane wa Munje. Redio yake ilinunuliwa na bintiye wa pekee, Mwanaima, aliyeolewa na mfanyakazi wa reli na kuhamia Kisumu. Kutoka Kisumu hadi Munje ni nauli ya kuuza mbuzi, nao hawakuwa na mbuzi. Kwa hiyo Mwanaima alituma kadi kwenye kipindi cha salamu. Jumatano saa kumi na nusu mtangazaji alisoma majina, na majuma mengine jina la Mwanapili likawamo, pamoja na neno moja au mawili: mtoto ameota meno, mvua imenyesha. Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo ya mwanawe.

Tangu redio ilazwe, salamu hizo zilikuwa zinasikiwa na watu wengine. Jirani alimwambia kisimani, "Mwanaima alikusalimu juzi."

"Alisema nini?"

"Alisalimu tu, na jambo jingine. Nilikuwa napuliza moto."

Mwanapili alijiona kama mtu ambaye barua zake zinasomwa na kijiji kizima, yeye anapewa bahasha.

Mwezi wa tatu wa kulazwa kwa redio alikwenda kwa chifu. Chifu alikuwa mtu mwadilifu. Aliichukua stakabadhi ya Salimu, akaisoma mara mbili. Ilisema: redio moja imepokewa, malipo yametimia, itatoka itakapopona.

"Haki unayo, bibi," alisema chifu. "Siku ndiyo huna. Hapa hakuandika siku, kwa hiyo hakuna siku aliyoivunja. Nikimwita ataniambia bado anatibu, nami sijui ugonjwa wa redio."

Mwanapili alimshukuru, akaikunja karatasi yake, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa mtu wa kukaa na jambo.

Juma lililofuata alialikwa harusi Majoreni. Penye mkeka wa wanawake palikuwa na redio juu ya kiti, imevuliwa kitambaa chake, inaimba. Mwanapili alipoinama kupokea kahawa akanusa kitu. Alikuwa na desturi ya kuifukiza redio yake udi kila Ijumaa, kwa heshima ya Kurani iliyosomwa ndani yake, na udi huo aliuchanganya mwenyewe. Harufu ilikuwa imeingia katika nguo ya mbele, pale sauti inapotokea, na haikuwa imetoka.

Alimuuliza mwenye harusi redio ameipata wapi. Akaambiwa imekodiwa kwa fundi Salimu, na kwamba ni yake ya tatu kukodi, zote nzuri.

Mwanapili alikaa karibu na redio yake hadi harusi ikaisha. Ilikuwa inasema vizuri kuliko kabla ya kuumwa.

Siku mbili baadaye alizungumza na Chirau, na Maalim Abdurahman wa chuo cha Kurani, na wengine watatu, wenye redio zilizobaki kwa Salimu. Kisha akatuma ujumbe Kinango kwa mzee Garama, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe. Salimu hakuwa amemwona Garama hata siku moja.

Garama alifika dukani Jumatatu, na viatu vyenye vumbi jekundu.

"Nasikia una redio."

"Nina wagonjwa, mzee."

"Basi nitafute kwingine. Nina sherehe ya siku saba Kinango. Nilitaka sita."

Salimu alivua koti. "Wengine wamepata nafuu."

"Sitaki zenye nafuu. Nataka nzima."

"Hizi ni nzima, mzee wangu, tangu mwezi wa..." Salimu alikohoa. "Ni nzima."

Garama aliziwasha zote sita moja moja, akasikiliza kila moja kama anunuaye fahali. Kisha akasema mawe ya betri ndani yake yamechoka. Kinango hakuna duka la mawe ya redio, na redio ikinyamaza katikati ya sherehe ni aibu ya ukoo. Zitiwe mapya zote. Fedha, za kukodi na za mawe, angelipa akirudi, na mbuzi juu yake.

Salimu hakuwa mtu wa kukopesha. Lakini alimtazama mzee huyu wa nyika, akaona mtu ajuaye ng'ombe tu, na akamwona mbuzi. Alinunua mawe kwa fedha yake mwenyewe. Akaandika stakabadhi, Garama akatia dole gumba: zitarudi sherehe ikiisha. Kwa mazoea, hakuandika siku.

Jumatano saa kumi walikuja sita kuwaona wagonjwa wao. Salimu alipoona vikapu alifurahi, akavaa koti haraka. Rafu ilikuwa tupu, lakini hilo halikumtisha. Alisema kwa masikitiko kwamba wote wamepelekwa Mombasa kupigwa picha ya kifua.

"Wote sita?" aliuliza Maalim Abdurahman.

"Umeingia ugonjwa wa kuambukiza, Maalim."

"Pole sana, daktari," alisema Mwanapili. Akaweka kikapu chake mezani, akafunua kanga, akaitoa redio. Chirau naye akatoa yake, na Maalim yake, mpaka meza ikajaa.

Salimu alizitazama. Kusema zimeibwa, ingembidi aseme ni za nani.

"Mzee Garama anakusalimu," Mwanapili alisema. "Sherehe yake bado haijaisha."

"Na mawe yangu?"

"Yamo ndani. Tumeona ni vibaya kumtoa mtu hospitali bila dawa."

Chirau aliuliza kuhusu kolekole wake, lakini hakuna aliyetaka kulifuata jambo hilo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na machungwa yake ya kukumbuka.

Salimu aliketi. "Bibi, niseme nini?"

"Useme ungeniambia siku. Ungesema Ijumaa, ningekuja Ijumaa. Umeitengeneza vizuri, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Miezi mitatu mtoto wangu anazungumza nami, nawe umemkodisha."

Salimu alilivua koti lake, akalikunja. Mara hii hakuwa anatafuta uongo.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Mwanapili aliiwasha redio palepale mezani, kwa kuwa kufika Munje angechelewa. Wote wakainama kusikiliza. Yalipita majina ya watu wa Voi, ya Nakuru, ya Lamu. Kisha mtangazaji akasema: Mwanaima wa Kisumu anamsalimu mama yake Mwanapili wa Munje, mtoto sasa anatembea, na anamsalimu pia fundi Salimu wa Msambweni, anayeihangaikia redio ya mama usiku na mchana, Mungu amlipe.

Macho yote yakamgeukia fundi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nilimwandikia mwezi ule wa kwanza," alisema Mwanapili. "Nilikuwa bado sijakujua."

Salimu aliinamisha kichwa. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama salamu hizo huwa zinarudiwa.

Wale sita walikuwa wakisikiliza majina mengine.