Makofi kwa Wakristo wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Ukuu wa idara uko wazi! Tunaugombea wawili tu: mimi na Miwani, jirani yangu wa ofisi. Mkuu wa kitivo atakuja kusikiliza mhadhara wangu Ijumaa. Nitathibitisha kwamba Wakristo wa kwanza walihama sinagogi mapema, wakafunga mlango, basi! Miwani anadai walibaki humo vizazi na vizazi, wakisali na kuzozana na Wayahudi wenzao kama ndugu wa tumbo moja. Porojo.

Jumatano, 5 Machi
Mhadhara wangu uliopita ulipata watu wanne. Mmoja alikuwa amekosea mlango. Nimemwendea mama mkwe, kiongozi wa kwaya ya akina mama, waje wanijazie ukumbi. Akauliza watafanya nini kwa wasomi, nao hawajui Kiyunani. Nikamwambia wasijali: nikitoa leso, wapige makofi. Akacheka hadi akakaa chini. Amekubali. Mimi ni jemadari!

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi pomoni. Leso ya kwanza, makofi. Ya pili, vigelegele! Mkuu wa kitivo akatikisa kichwa kwa kuridhika.
Ndipo Miwani akasimama. Akauliza: kama walihama mapema, mbona zaidi ya miaka mia tatu baadaye mhubiri wa Antiokia alikuwa bado akiwakaripia waumini wake kwa kukimbilia sinagogi siku za sikukuu?
Nikapekua karatasi zangu mbele na nyuma. Jasho likanitoka chapachapa. Nikajifuta.
Kwa leso.
Mama wee! Kwaya nzima ikasimama kumshangilia Miwani. Kadiri walivyoshangilia, ndivyo nilivyotoka jasho. Kadiri nilivyojifuta, ndivyo walivyoshangilia. Nimekwisha.

Jumatatu, 10 Machi
NIMEUPATA! Mkuu wa kitivo kasema hajapata kumwona msomi anayeleta umati umshangilie mpinzani wake. Eti ni unyenyekevu wa ajabu. Miwani kanipa mkono, machozi yakimlengalenga. Mama mkwe kasema, “Baba, kushindwa unakujua!” Sijui amenisifu au vipi. Nimeshukuru.

Jumanne, 11 Machi
Kazi ya kwanza ya mkuu wa idara: kufungua kongamano kwa kusoma zaburi kwa Kiebrania. Nimeitikia papo hapo. Kiebrania changu kinaishia herufi ya tatu. Lakini shemeji yangu ndiye fundi wa vipaza sauti. Nikifumbua mdomo, akachomoa waya, nani atajua?